Muziki wa Kushikilia

Mwende aliketi na familia. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona nilipoingia gurudwara, hekalu la Masingasinga, siku ya kumuaga Rupinder, na nalitaja kabla ya maua na kabla ya sala kwa sababu ndivyo nilivyo, na katika umri huu sitabadilika. Nilikuwa nimevua viatu mlangoni na kujitanda leso kichwani, nikatafuta nafasi juu ya zulia upande wa wanawake. Pale mbele kabisa, kati ya dada za marehemu na mama yao mzee, alikuwepo msichana wangu. Nasema msichana, ingawa ni mwanamke mzima, mama wa watoto, ambaye jina lake hupita kwenye skrini mwishoni mwa filamu wakati watu wameshaanza kuinuka na kutafuta funguo za gari. Mimi huwa siinuki. Huketi mpaka lipite, halafu humgeukia mtu wa kiti cha jirani kana kwamba nina habari ya kumpa. Siku hiyo niliketi nyuma, chini ya spika iliyokuwa ikikwaruza, na mama mmoja mwenye huruma akaniuliza kwa sauti ya chini kama nilikuwa nikiwafanyia kazi nyumbani. Nilimwambia la, nilifundisha pamoja na Rupinder. Akasema pole, nami nikasema asante, na muda wote huo macho yangu yalikuwa kwenye kisogo cha Mwende.

Mwaka ninaoukumbuka nilikuwa mwalimu mchanga wa muziki katika shule ya kutwa karibu na uwanja wa Jamhuri, upande ambao msimu wa maonyesho ya kilimo tulisikia ng'ombe wakilia katikati ya somo. Chumba cha muziki kilikuwa stoo ya zamani ya majembe, na hata baada ya kupakwa rangi kilinuka udongo kila mvua iliponyesha. Humo ndimo nilimoijenga kwaya yangu. Nilikuwa mkali. Waimbaji wangu hawakula mandazi kabla ya mazoezi kwa sababu mafuta hukwamisha koo, na kama kuna ukweli wowote katika hilo sijui. Mwalimu wangu aliniambia, nami nikawaambia. Mwende alikuja kidato cha kwanza, mtoto wa watu wa Kitui, mwembamba, sweta limemfika magotini. Siku moja nilikuwa nimetoka tu kuwapa do kwenye kinanda, kifuniko cha sufuria kikaanguka jikoni kwa wapishi, naye akainua kichwa akasema, "Hiyo ni fa, Madam." Ilikuwa fa. Nikamchukua. Nilimfundisha solfa mpaka akawa anaisoma kama watu wanavyosoma gazeti, nikamwachia ufunguo wa chumba, nikamgawia chakula changu cha mchana. Kufikia kidato cha tatu nilikuwa nimeshamwona kichwani mwangu akiwa mtu mkubwa, anahojiwa redioni, anaulizwa ni nani aliyemfundisha. Jibu nilikuwa nimeshamwandalia.

Ndipo mwalimu mkuu akatuletea Rupinder. Alikuwa binti wa wenye duka la vifaa vya ujenzi kule mjini, ana msuko mmoja mrefu na saa kubwa ya kiume mkononi, na kazi yake ilikuwa kutunga muziki wa matangazo na wa filamu. Tangazo lake moja la sabuni liliimbwa na watoto wa nchi nzima, hata na wanakwaya wangu, nami nilikuwa nimewakataza. Shule ilikuwa imepewa kamera na kompyuta, chama cha filamu kimeanzishwa, naye amejitolea kuja kila Ijumaa alasiri kuwafundisha jinsi muziki wa filamu unavyofanya kazi na unavyotungwa. Kwa kuwa hakuwa mwalimu aliyeajiriwa, ilitakiwa mmoja wetu awepo darasani. Nikaambiwa ni mimi.

Niliketi nyuma na rundo la madaftari, najifanya nasahihisha. Somo la kwanza aliwaonyesha kipande kifupi cha filamu alichokipiga mwenyewe: mwanamke anatembea kwenye ujia wa ghorofa moja huko mjini, anafika mlangoni, anabisha. Basi. Alikionyesha kwanza na sauti nzito za chini, na wasichana wa mstari wa mbele wakashikana mikono. Akakionyesha tena na gitaa jepesi, darasa zima likatabasamu, mtu akapiga mluzi. Mara ya tatu hakuweka chochote, tukasikia viatu tu. Halafu akawasha taa, akawaambia picha haijabadilika hata kidogo, ni wao waliobadilishwa, na kwamba hiyo ndiyo kazi yote. Wanafunzi walishusha pumzi. Mimi kalamu ilikuwa imesimama juu ya daftari la mtu. Somo zuri la mwalimu mwingine ni kitu kigumu sana kumeza, na lile lilikuwa zuri kuliko lolote nililowahi kulifundisha katika stoo yangu ya majembe. Nilitazama upande wa Mwende nikitumaini kwamba amechoka. Alikuwa ameegemea mbele, mdomo wazi.

Rupinder aliwafundisha kwamba swali la kwanza si muziki gani. Ni wapi tunyamaze. Aliwafundisha kuitazama filamu bila sauti, mara nyingi, kalamu mkononi, kutafuta pale muziki unapoingia bila mtu kushtuka na pale unapotoka bila mtu kuona. Aliwafundisha kumpa mhusika kijiwimbo chake, kidogo tu, halafu mhusika akivunjika kijiwimbo nacho kirudi kimevunjika. Mwende alilidaka hilo la mwisho na hakuliachia tena. Kila chakula cha mchana, huku anakula maharagwe yangu, alikuwa na mambo ya Aunty Rupi. Wengine wote walimwita Madam. Yeye, sijui tangu lini, alianza kusema Aunty.

Filamu yao ya mwaka ilipigwa chumbani kwangu Kinoo. Walihitaji chumba cha kupanga, chembamba, chenye dirisha upande wa barabara, na mwalimu mwenye chumba kama hicho nilikuwa mimi. Nilikubali haraka. Hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi: msichana anapika ugali na mboga, anaweka sahani mbili mezani, anamngoja babake aliyesema atakuja. Baba haji. Msichana anakula chake, halafu anakirudisha chakula cha ile sahani ya pili kwenye sufuria. Sahani ya pili ilibidi tuiazime kwa jirani, kwa sababu mimi nilikuwa na moja. Wanafunzi walicheka sana, nami nikacheka nao, nikawaambia mwalimu hafanyi karamu. Siku nzima walivuta meza yangu huku na huku, wakashusha pazia langu, wakalirudisha, na jioni Rupinder akaketi kitandani kwangu, akatazama kuta zile na kusema kwamba chumba hiki kina uso. Sikujua kama nimesifiwa.

Sasa kuna jambo moja la kazi hiyo ambalo lazima nilieleze. Anayekata filamu na kuiunga, kwetu alikuwa mvulana aitwaye Brayo, hawezi kufanya kazi kwenye ukimya. Anataka mwendo wa kumwongoza. Kwa hiyo huwekwa muziki wowote uliopo, wa mtu mwingine, ushikilie nafasi mpaka muziki wenyewe utungwe. Sisi tuliuita muziki wa kushikilia. Rupinder alipouliza nani ana rekodi ya kutumia kwa wiki hizo chache, mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Niliwapa kwaya yangu, ule wimbo tulioshinda nao mashindano, Mwende akiongoza sauti ya kwanza. Rupinder aliusikiliza mpaka mwisho na kichwa kimeinama. Alisema ni mzuri, tena mzuri sana, na kwamba hiyo ndiyo shida.

"Msiupende," aliwaambia. "Hii kosa kila mtu wa kazi yetu anafanya. Unaskia kitu wiki tatu, nne, masikio inazoea, halafu ile muziki ya ukweli ikikuja unaiona mbaya. Huu uko hapa tu kushikilia."

Waliitikia wote. Nami niliitikia, na moyoni nikaomba waupende.

Kutunga kulifanyika nyumbani kwa Rupinder, Muthangari, kila Jumamosi, kwa kuwa vyombo vyake vilikuwa huko, na mwalimu mkuu alisema Mwende haendi bila mwalimu. Hivyo Jumamosi zangu za mwaka ule nilizimaliza sebuleni kwa watu. Nakikumbuka chumba kile kuliko vyumba vingi nilivyoishi: makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono, picha ya babake Rupinder imevishwa shada, harufu ya bizari iliyokaa hata kwenye mito. Mama yake, ambaye wote walimwita Biji, alinilisha. Ilikuwa maharagwe mekundu yenye tangawizi, chapati nyembamba zilizopakwa siagi, achari ya ndimu iliyonitoa machozi, na kila nilipoweka mkono juu ya sahani kukataa, aliusogeza pembeni kwa upole akaongeza. Hatukuzungumza sana. Kiswahili chake kilikuwa cha dukani na jikoni, na mimi nilikuwa nimetega sikio kwenye mlango.

Nyuma ya mlango huo walikuwa wawili. Nilisikia kinanda kikipiga noti nne, zilezile, tena na tena. Nilisikia kicheko. Nilisikia Rupinder akiuliza, Mwende akijibu kwa haraka kama mtu aliye kwao. Na Jumamosi moja, nikiwa na tonge mkononi, nilisikia Mwende akiimba kwa sauti ndogo, so, mi, re, do, vile nilivyomfundisha, na Rupinder akamkatiza.

"Usiniimbie solfa hapa, Mwende. Hii si kanisa."

Mwende akacheka, akajibu kitu kwa sauti ndogo ambacho hakikunifikia. Neno la Rupinder ningeweza kulisamehe; ni kicheko ambacho sikukisamehe. Kazi yangu yote ya miaka ile, niliwaza, imekuwa kitu cha kuchekewa kwenye chumba chenye zulia. Biji alinitazama, akaniongezea achari. Nilirudi Kinoo roho inaniuma, nikapika, nikala kwenye sahani yangu, na wiki nzima sikumwita Mwende aje kula chakula cha mchana. Naye hakuuliza. Hilo liliniuma zaidi.

Siku Mwende alipoleta muziki wake darasani, Brayo aliutoa wimbo wa kwaya na kuweka wake. Tulitazama. Taa zilipowaka wakasema wote kwa pamoja. Ilikuwa tupu. Ilikuwa kama imeibiwa kitu. Msichana wa kamera alisema kwamba pale sahani ya kwanza inapowekwa zamani alikuwa anasikia baridi mwilini, sasa hasikii chochote. Brayo, ambaye alimpenda Mwende na shule nzima ilijua, alijikuna kichwa.

"Si eti ni mbaya," alisema. "Lakini ile ya kwaya ilikuwa inaingia, wasee. Hii ingine ni kama bado."

Nitasema nilivyohisi. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka miguu ikawa myepesi, ningeweza kucheza pale kati ya madawati. Walikuwa wamefanya lile kosa walilokatazwa, wamezoea kilichokuja kwanza, na kilichokuja kwanza kilikuwa mimi. Mwende alikuwa anaviringisha kona ya sweta lake. Hakunitazama mimi, alimtazama Rupinder, na furaha yangu ikaingia mchanga hapohapo. Rupinder hakumtetea. Alisema masikio yetu sote yameharibika, na ya kwake pia, na kwamba tunahitaji mtu ambaye hajawahi kuiona filamu hii kabisa.

Mtu huyo alikuwa Biji. Jumamosi iliyofuata waliweka kompyuta kwenye meza ya sebuleni, na Rupinder akasema yeye na Mwende watatoka waende barazani, kwa sababu uso wa mtu aliyetunga huomba, na Biji hawezi kumnyima mtu. Madam Katunge, yaani mimi, atabaki abonyeze. Alisema hivyo bila kusita na akafunga mlango nyuma yake. Mpaka leo sijui kama alikuwa ananiamini au ananijaribu, lakini wakati ule nilimchukia kwa yote mawili.

Nilianza na kwaya yangu. Biji aliketi wima, leso yake nyeupe mabegani, na kufikia ubeti wa pili kiganja chake kilikuwa kinapiga mapigo juu ya goti. Ilipokwisha alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mzuri sana kuimba," aliniambia. "Hii ni kanisa gani?" Nilimwambia ni shule, ni kwaya yangu. Akanisifu tena. Kuhusu msichana, sahani na baba hakusema lolote.

Kisha nikaweka wa Mwende. Zile noti nne zinaingia na sahani ya kwanza, kinanda peke yake, kama mtoto anayejiimbia akifanya kazi. Zinarudi na sahani ya pili, zimejaa kidogo, zina furaha ya mgeni. Halafu zinatoka, na dakika zile ndefu za kungoja unasikia magari ya barabara yangu tu, na upepo kwenye pazia langu. Msichana anapokirudisha chakula kwenye sufuria hakuna muziki kabisa, ni mwiko unaokwangua. Baadaye zinakuja noti tatu. Ya nne haiji. Nilikuwa nimeusikia muziki huo darasani nikausikiliza kama mshindani. Sasa, sina wa kushindana naye ila bibi mwenye leso, niliusikia wenyewe. Mkono wa Biji ulikuwa umesimama juu ya goti. Akaelekeza kidole kwenye skrini iliyokwisha zima.

"Huyu mtoto hana mtu ya kula na yeye?"

Kile kilikuwa chumba changu. Biji aliinuka, akaenda jikoni na akarudi na sahani iliyojaa, na kwa kuwa mtoto wa filamu hakuwepo, aliiweka mbele yangu. Nilikula. Nilikula yote, na achari ilikuwa sababu nzuri ya macho yangu.

Nilipofungua mlango wa barazani walisimama wote wawili. Ningependa kuandika kwamba nilisukumwa na upendo, lakini nadhani zaidi ilikuwa kwamba mimi ni mwalimu wa muziki, na noti ya nne ambayo haiji ilikuwa mahali pake. "Toeni kwaya," nilisema. Nikawaeleza Biji alisema nini mara ya kwanza na nini mara ya pili. Mwende aliziba mdomo kwa mikono miwili. Kisha akamrukia Rupinder, akamkumbatia shingoni, na mimi nikasimama pale mlangoni nimeshika kitasa.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi mmoja mjini, pamoja na za shule nyingine. Wazazi walilia mahali pa kulia. Mwishoni majina yalipita: muziki, Mwende, mwalimu wa muziki wa filamu, Rupinder. Langu lilikuja chini kabisa, baada ya waliobeba waya. Lilisema, chumba, Madam Katunge. Brayo alinipongeza kwa moyo safi. Mwaka uliofuata Mwende aliacha kwaya ili apate nafasi ya kutunga, nami nikaomba uhamisho. Tulitumiana salamu za sikukuu, sisi watatu, kwa adabu, na hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda.

Baada ya sala watu walishuka kwenye ukumbi wa chakula, na tukaketi sakafuni kwa mistari kama ilivyo desturi yao, tajiri na maskini, kila mtu na sinia lake. Mwende alikuwa amejifunga aproni, anagawa dengu kwa ndoo, na aliponifikia aliinama akaniambia, "Madam, umekuja," akaniwekea dengu nyingi mno, akasukumwa mbele na mstari. Nilitafuta mahali. Biji alikuwa amewekwa kwenye kiti karibu na ukuta, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, sinia liko mapajani, hajaligusa. Watu walikuja wakamshika miguu kwa heshima, wakaenda kula na wao. Nikavuta kiti, nikaketi kando yake na sinia langu.

Alinitazama muda mrefu. Halafu akanigusa mkono.

"Wewe ni ile mwalimu ya kwaya."

Nikamwambia ndiyo, Biji. Nikamega chapati, nikala, na baada ya kidogo yeye naye akamega. Tukala hivyo, polepole, tukitazama watu. Kisha akasema, kama mtu anayeendelea na mazungumzo ya jana, kwamba Rupi wake hakunipenda. Nilisema najua.

"Wewe hapana jua," alisema. "Alikuwa na wivu na wewe. Kila Jumamosi nyinyi mkienda, yeye hasira. Anasema, Biji, mimi nafundisha huyu mtoto, mimi nampa kila kitu, lakini kazi ikikuwa ngumu anarudi kwa ile do-re-mi ya mwalimu yake. Siku moja amemkataza. Mtoto amecheka tu, amesema, Aunty, hii siwezi kuacha. Rupi usiku hakula."

Nililiweka tonge chini. Upande wa pili wa ukumbi Mwende alikuwa anakwangua mwisho wa ndoo yake, midomo inacheza, anahesabu au anaimba, sijui. Ningepaswa kumhurumia Rupinder, amelala pale ghorofani, chini ya maua. Badala yake nilijaa furaha, ileile ya kati ya madawati, imengoja miaka yote hii, na nilitaka mno kumringia mtu. Niliangaza huku na huku ukumbini, uso kwa uso. Mtu pekee niliyetaka kumringia alikuwa Rupinder.